Mke wa Anaclet

Ngina Njoroge alikuwa na miaka thelathini na mmoja, alikuwa ameandika kurasa mia mbili na arobaini kuhusu makanisa ya wamonaki wa Enzi za Kati, na hakuwa ametia mguu ndani ya hata moja.

Usimcheke. Makanisa yenyewe yako Ulaya, na safari ya Ulaya si kitu cha kumuuliza mwanafunzi wa udaktari aliyetoka Kiambu kuja kusoma Durban. Aliyajua kwa picha na ramani tu, lakini aliyajua kwelikweli: kengele inakaa wapi, wamonaki wanaingilia mlango upi alfajiri, kwa nini kuta ni nene namna ile. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwezi wa saba, Alain, mpenzi wake Mkongo, alipopanda kilima nyuma ya mji wa Pinetown kwa pikapu aliyoazima kazini kwake mtaa wa Jacobs, akaizima mbele ya abasia kuukuu ya matofali mekundu, Ngina alibaki kitini mkono mdomoni.

"Ulijuaje?" aliuliza.

"Miaka miwili unaniambia habari ya mawe ya Ulaya," alisema Alain. "Nikauliza watu. Wakaniambia hapa iko moja ya wamonaki, karibu tu. Si ya zamani sana kama zile zako, lakini wale walioijenga walitoka kulekule, wakajenga vilevile."

"Na hukuniambia."

"Nilitaka uone wewe mwenyewe, chérie."

Laiti angemtazama usoni vizuri. Alain alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama, lakini macho yake hayakutulia mahali pamoja, na mkono wake kila mara ulienda mfukoni kugusa kitu na kurudi. Mwanamume anayempa mpenzi wake zawadi hafanani hivyo. Ngina hakuyaona hayo, kwa sababu alikuwa ameshateremka na anatembea.

Mlangoni palikuwa na kibao cha kuomba kimya. Ndani, kanisa lilikuwa refu na jembamba, dari yake ikipanda kwa matao mpaka shingo ikauma kuitazama. Ngina alikwenda polepole ukutani, akaweka kiganja juu ya tofali. Halafu akaweka na shavu. Alain alisimama nyuma yake, akamtazama mwanamke huyu mwenye shahada mbili akikumbatia ukuta, na moyo ukamlainika mpaka akaogopa. Alimpenda sana. Hilo nalisema mapema, maana baadaye kidogo utatamani kumpiga kofi.

"Njoo nikuonyeshe," Ngina alinong'ona, akamshika mkono.

Walitokea mlango wa pembeni, wakaingia kwenye veranda ya matao iliyozunguka bustani ya mraba. Palikuwa baridi. Nyasi za bustani zilikuwa bado na umande, na ilikuwa saa tano asubuhi. Ngina alitazama juu, akatazama chini, akaanza kutabasamu peke yake.

"Unacheka nini?" Alain aliuliza.

"Hebu niambie jua liko wapi."

Alain alitafuta. "Iko nyuma ya kanisa."

"Sasa sikia. Ulaya, jua hupita upande wa kusini. Kwa hiyo wamonaki hujenga kanisa kaskazini na bustani wanaiweka kusini yake, wapate joto wakikaa kusoma. Hawa wakafika huku, ambako jua hupita kaskazini, na wakajenga kama kwao. Kanisa lao wenyewe likawaziba jua. Miaka zaidi ya mia moja, kila Julai, wanakaa kwenye kivuli wakitetemeka."

"Hakuna mtu aliwaambia?"

"Nani angewaambia? Kanuni ni kanuni. Pengine kila mmoja aliona, akadhani mwenzake ataumia akisema."

Alain alimtazama kwa namna ambayo Ngina angeikumbuka baadaye. Kisha akatazama saa.

"Twende," alisema. "Iko Padri anatungojea."

"Padri wa nini?"

Alain alikuwa ameshaanza kutembea, na Ngina hakuhitaji jibu. Padri wa nini tena, kwa watu wawili ambao tangu Krismasi wanazungumza habari za arusi? Moyo wake uliruka. Alijipapasa nywele, misuko mipya mizuri iliyoshuka mpaka mabegani, akamfuata.

Padri Nigel alikuwa mzee wa hukuhuku Afrika Kusini, sweta lake limetoboka viwiko vyote viwili. Aliwamiminia chai, akamuuliza Ngina kuhusu masomo yake, akacheka vizuri aliposikia habari ya jua. Alizungumza Kiingereza, nami nakigeuza hapa. Mezani mbele yake palikuwa na daftari kubwa la tarehe za ndoa, nalo lilikuwa limefungwa.

"Alain," alisema mwishoni, bila ukali. "Wiki iliyopita nilikuambia kwamba sitafungua daftari hili mpaka umwambie mwenzako. Umemwambia?"

Alain alitazama kikombe chake.

"Kuniambia nini?" Ngina aliuliza.

Padri alisimama, akachukua daftari lake. "Kengele ya sala ya adhuhuri italia baada ya dakika arobaini. Nendeni mkakae bustanini. Baada ya hapo mtaniambia kama kuna kitu cha kuandika."

Walirudi kwenye ile veranda ya baridi. Alain alikaa kwenye benchi la jiwe, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa karatasi yake ya ukimbizi. Ngina alikuwa ameiona mara nyingi kwa nje, jinsi unavyoona pochi ya mtu. Hakuwahi kuisoma.

"Soma hapo katikati," alisema Alain.

Alisoma. Hali ya ndoa: ameoa. Mke: Libérate. Watoto: Laetitia na Tina.

Mkono wa Ngina ulipanda wenyewe mpaka kwenye misuko yake. Libérate ndiye aliyemsuka. Wiki mbili zilizopita, Jumamosi nzima mpaka jioni, kichwa chake kilikuwa kati ya magoti ya mwanamke huyo huko Queensburgh, wakinywa chai ya maziwa na kucheka habari za wanaume.

"Libérate wa saluni," alisema. "Libérate uliyeniambia ni shemeji yako."

"Ni shemeji yangu. Ni mke wa Anaclet, kaka yangu mkubwa."

"Hapa wameandika ni mke wako."

"Karatasi inasema vile. Mimi nakuambia kitu chenye kiko."

"Kilicho ni kwamba nimesukwa na mke wa mtu anayetaka kunioa." Alisikia sauti yake ikipanda. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi, na ndani palikuwa na mmonaki mmoja amepiga magoti. Aliishusha tena kwa nguvu. "Ndiyo maana umenileta hapa, Alain. Ili nisikupigie kelele."

Alain alifikiri. "Ndiyo," alisema. "Pia hiyo."

Kicheko kilitaka kumtoka Ngina, na hilo likamkasirisha kuliko karatasi yenyewe.

"Ongea," alisema.

Basi akaongea, kichwa chini, akizungusha ule mfuko wa plastiki vidoleni.

"Tulitoka Uvira mwaka wa elfu mbili na kumi na sita. Anaclet alikuwa na kazi ya kumaliza, akaniambia, wewe tangulia na bibi yangu na watoto, nitawafuata kisha wiki mbili. Tina alikuwa bado wa mgongoni. Akaniambia, shika nyumba yangu mpaka nifike. Bon. Tukafika hapa, tukasimama kwenye mstari wa ofisi ya wakimbizi siku tatu. Yule wa dirishani akauliza, huyu mwanamke ni nani wako? Nikaona wale wenye kusema shemeji wanatolewa pembeni, wanaambiwa warudi siku nyingine, na kila mtu na faili yake. Libérate alikuwa hajui Kiingereza hata neno moja. Nikasema, ni bibi yangu. Nilizania ni ya wiki mbili tu."

"Halafu?"

"Halafu Anaclet alipanda boti ya kwenda Kalemie, na ile boti ilizama. Mwili haukuonekana."

Ngina alijua kwamba kaka wa Alain alikufa ziwani. Hakujua mengine yote.

"Pole," alisema, maana ilikuwa kweli. Kisha akasema lililomchoma. "Unalala kwake?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Ngina. Hata siku moja. Naleta chakula Ijumaa, nasimama mlangoni, nasalimia watoto, naenda zangu."

"Mama yangu aliniuliza mara tatu. Hana mke kwao? Uliza vizuri. Nami nikamkasirikia. Nikamwambia, mami, wewe huwapendi Wakongo tu. Nilimnyamazisha mama yangu kwa ajili yako. Sasa nimpigie nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli gani? Kwamba una mke ambaye si mke, na umemweka miaka minane? Kwa nini hukumwacha huru?"

Alain alipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Ni mambo ya famille, ya ukoo. Kwetu, mume akikufa, ndugu yake ndiye anaachia mjane, awe huru kuolewa. Lazima aseme kwa mdomo, mbele ya mtu. Asiposema, mjane anakaa. Na maman kule nyumbani aliniambia, nyumba ya kaka yako ni yako. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nikimwambia Libérate nimekuachia, atasikia namna gani? Atasema, Alain amepata Mkenya wa chuo, anatutupa mimi na watoto. Na karatasi yao ndiyo hii yangu. Nikijitoa, wanabaki bila."

"Ulimuuliza?"

"Kitu cha namna hiyo hauulizi mwanamke. Ni kumukosea heshima."

"Miaka minane, Alain. Hujawahi kumuuliza anataka nini?"

Ngina alitembea mpaka mwisho wa veranda na kurudi. Alijiona wazi: angeweza kuteremka kilima kwa miguu, asimamishe taxi ya Pinetown, awe chumbani kwake kabla ya saa saba, na jioni ampigie mama amwambie ulikuwa sahihi. Angelia mwezi mmoja, angemaliza tasnifu, angerudi Kiambu. Ilikuwa njia nzuri, haina matope. Tatizo ni kwamba aliyekaa kwenye benchi lile ni mtu ambaye kwa miaka minane amepeleka unga mlangoni kila Ijumaa bila kuomba hata kiti. Mtu wa namna hiyo humwachi kirahisi, hata ukiwa na haki zote.

"Mpigie," alisema.

"Nani?"

"Libérate. Mbele yangu. Sasa hivi."

Walitoka nje, wakazunguka kanisa mpaka upande wa kaskazini, ambako wamonaki walikuwa wamepanda kabichi na jua lilikuwa limejaa. Alain alipiga, akaweka sauti ya kusikika na wote. Mtoto alipokea.

"Baba mudogo? Maman anasuka mtu."

"Laetitia, mupe simu. Sema ni ya haraka."

Kulisikika mashine ya kukaushia nywele, kisha sauti ya mwanamke. "Alain, leo si Ijumaa. Iko nini?"

Alain alishika simu, midomo ikacheza, sauti haikutoka. Ngina alingoja, kisha akainyakua ile simu.

"Dada Libérate, ni Ngina."

Upande wa pili ile mashine ilizimwa, mlango ukafungwa.

"Amekuonyesha karatasi," alisema Libérate.

"Amenionyesha."

"Leo?"

"Leo. Kanisani. Padri anangoja kuandika tarehe."

"Eish, huyu mtu." Alivuta pumzi ndefu. "Dada, siku ile nakusuka, maneno yalikuwa yananifika hapa kooni. Nilikuwa nasema, nitamwambia. Kisha nasema, hapana, ni mambo ya Alain, nikisema nitamharibia. Nisamehe."

"Niambie sasa. Wewe unataka nini?"

"Mimi?" Aliuliza kana kwamba hajawahi kuulizwa. "Kila Ijumaa anakuja, anasimama mlangoni, hakai. Mwaka wa kwanza nikazania anaona haya. Mwaka wa pili nikazania ananingojea nimukaribishe ndani, sababu maman yake alisema nyumba ni yake. Nikawa naogopa Ijumaa. Kisha nikaona hapana, huyu hanitaki, lakini pia haniachii. Na mimi siwezi kumwambia shemeji niachie. Kwetu mjane akisema vile, watu wanasema alikuwa anangojea bwana afe."

Alain alikuwa amekaa chini palepale, kwenye ukingo wa kabichi, na shati lake jeupe.

"Na iko Serge," Libérate aliendelea, sauti imeshuka. "Serge wa duka la simu. Ananitaka kwa heshima, tangu mwaka jana. Nilimwambia mimi ni mke wa mtu. Ni rafiki ya Alain, kwa hiyo na yeye akanyamaza."

"Serge?" alisema Alain. "Tunakula naye kila Jumapili."

"Ndiyo. Na kila Jumapili anarudi kwake bila kukuambia."

"Na karatasi?" Alain aliuliza. "Na watoto?"

"Nilikwenda kwa wakili wa wakimbizi, mwezi wa tatu. Alisema faili inaweza kutenganishwa, mimi na watoto tukawa na yetu. Itachukua wakati, na lazima sisi wawili twende, tuseme ukweli wote. Nilishindwa kukuambia. Sikutaka uone na mimi nakutupa."

Ngina alikaa chini kando ya Alain. Watu wawili wazima, aliwaza, na wa tatu mwenye duka la simu, wote wamekaa miaka mingi wakichungana wasiumizane. Angetaka kuwapiga wote. Hasira yake haikuisha, lakini ilipungua makali, na chini yake alikuta kitu kama huruma, na huruma hiyo ilimhusu hata yeye mwenyewe.

"Alain," alisema Libérate. "Sema sasa. Ngina awe shahidi. Niachie."

Neno ni moja tu. Alain alivuta pumzi kulisema, akashindwa. Akajaribu tena. Mabega yalianza kumtetemeka, na Ngina, aliyekuwa tayari kumuuliza kwa ukali anangoja nini, alimtazama usoni akaona. Huyu hakuwa amemshikilia Libérate.

"Aliniambia niishike nyumba yake mpaka afike," Alain alisema, na machozi yakamshuka bila kuyafuta. "Nikisema, basi hafiki tena."

Ngina aliweka mkono wake mgongoni kwake. Hakuwa amemsamehe, hebu tusidanganyane. Aliuweka tu, akauacha hapo, na shati lilikuwa na joto la jua.

"Hafiki, mpenzi wangu," alisema polepole. "Alishakwenda. Wewe uliishika vizuri."

Ilichukua muda. Kisha Alain alijinyoosha, akaisogeza simu karibu, na akasema kwa sauti ambayo Ngina hakuwahi kuisikia, sauti ya mtu mzima wa ukoo.

"Libérate, mke wa Anaclet. Nyumba ya kaka yangu niliishika mpaka leo. Leo nimekuachia. Mtu akija kwako kwa heshima, umupokee. Watoto watabaki watoto wangu."

"Nimesikia," alisema Libérate. "Nimekubali."

Wakaanza kulia wote wawili, kila mmoja upande wake wa simu. Hawakulia kwa kelele. Walilia kama watu wanaofanya kazi iliyowangoja siku nyingi, na Ngina alishika simu katikati yao mpaka mkono ukamuuma.

"Alain," Libérate alisema baadaye. "Sisi hatukumulilia Anaclet. Hatukukaa matanga hata siku moja. Watoto wake hawajasikia mtu akisema habari zake."

"Hapana. Hatukukaa."

"Donc, basi, tukae. Njooni kwangu leo. Nitawaambia watu."

Kengele ya adhuhuri ililia juu ya vichwa vyao, ikalia mpaka ikaisha. Baada ya sala Padri Nigel alitokea kwenye kona ya kanisa, daftari lake kwapani, akawakuta wameketi kati ya kabichi zake. Alitazama macho mekundu ya Alain, akatazama simu mkononi mwa Ngina, akasita.

"Naweza kurudi baadaye," alisema.

Alain alimtazama Ngina. Jibu halikuwa lake, na alijua hivyo. Alikuwa amekwisha sema yote aliyokuwa nayo, na sasa alingoja kama mtu anayengoja matokeo ya daktari, mikono juu ya magoti.

Ngina alisimama, akakung'uta sketi yake. Alikuwa bado na hasira, na alijua atakuwa nayo wiki nyingi. Kuna usiku ataamka aanze upya kumuuliza maswali yaleyale. Mama wa Kiambu naye atahitaji maelezo marefu. Alimpa Alain mkono, akamwinua.

"Usiandike bado, Padri," alisema. "Tuna msiba kwanza."

Padri alivua miwani. "Poleni sana. Nani amefariki?"

"Shemeji yangu," alisema Ngina. "Anaitwa Anaclet."